Kutoka Dodoma hadi Ghuba ya Chole: Mwongozo Kamili wa Kuzuru Visiwa vya Mafia kwa Chombo cha Tanga

Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, na Mafia nimekwenda mara nne. Kila nikirudi, wenzangu huniuliza maswali yaleyale: unapitia wapi, chombo unakipataje, na je, mtu asiyejua kuogelea anaweza kwenda? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa ajili ya mtu wa bara kama mimi, aliyekulia kwenye vumbi na mibuyu, ambaye bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Nianze na jambo kubwa kuliko yote. Safari ya chombo cha tanga, kile kinachosukumwa na upepo, hupangwa kwa mwezi na upepo kwanza. Likizo na nauli hufuata nyuma. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunapata ruhusa ya siku tano, tunakata tiketi, tunafika kisiwani na kukuta maji yamepwa saa ileile tunayotaka kuondoka. Mtu anarudi Dodoma ameona gati na nyumba ya wageni.

Kwa nini Mafia, na kwa nini tanga

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, nayo iko mkabala na delta ya Mto Rufiji. Sisi wa kanda ya kati tuna undugu na maji yale bila kujua. Ruaha Mkuu hupita Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kisha huteremka na kuingia Rufiji, na Rufiji humwaga baharini mbele ya Mafia. Rutuba inayobebwa na mto huo hulisha viumbe wadogo wa baharini, na viumbe hao ndio chakula cha samaki mkubwa kuliko wote duniani, papa potwe. Nikisimama pale Kilindoni, huwa nawaza mvua iliyonyesha huku kwetu.

Sehemu ya kusini ya kisiwa, pamoja na Ghuba ya Chole, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, na eneo lake ni kilomita za mraba 822. Ndani yake vimo vijiji, na wavuvi wanaendelea na kazi yao kwa masharti. Ghuba yenyewe imekingwa na visiwa vya Chole na Juani, kwa hiyo mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjikia nje. Kwa mtu anayeanza, hakuna mahali pazuri zaidi pa kupanda mashua ya tanga.

Kuhusu tanga, sababu yangu ni moja: ukimya. Injini husikika mbali, na ndege huruka kabla hujawakaribia. Mashua ya tanga hufika kama jani linaloelea. Safari ya pili tulikuwa tunateleza juu ya nyasi bahari, hakuna anayezungumza, mara kasa akaibuka hatua nne kutoka ubavuni mwa chombo. Nilimsikia akivuta pumzi, sauti fupi, nzito, kama mtu anayetua mzigo. Alitutazama, akazama taratibu, wala hakukimbia.

Hatua ya kwanza: soma mwezi ukiwa nyumbani

Hili unalifanya hapahapa Dodoma, na halina gharama. Mwezi unaouona ukichomoza juu ya paa la jirani yako Nkuhungu ndio unaovuta maji ya Mafia.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina ikipita mita tatu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa hugeuka, yaani maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukiijua kanuni hii, unaweza kukaa barazani kwako na kukadiria maji ya Ghuba ya Chole. Saa kamili utazipata kwenye jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, na nahodha yeyote atakutajia bila kutazama karatasi.

Faida yake ni hii. Baadhi ya sehemu nzuri kuliko zote, kama magofu ya mji wa Kua kisiwani Juani, zinafikika kwa chombo maji yakiwa yamejaa tu. Sehemu nyingine, kama matandazo ya mchanga na matumbawe yenye viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota) na kaa, zinaonekana maji yakiwa yamepwa. Kwa hiyo mimi hupanga kufika Mafia mwezi ukiwa wa siku ya kumi au kumi na moja. Siku zile maji hujaa kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana. Unaondoka asubuhi maji yakipanda, unakuwa Kua adhuhuri, unatoka maji yanapoanza kushuka. Siku tatu nne baadaye mwezi umeshakuwa mpevu, na asubuhi saa nne bahari inarudi nyuma na kukuachia uwanja wa kutembea.

Safari yangu ya kwanza sikuyajua haya. Ilikuwa Juni, nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, na siku zetu zilikuwa zimebana. Nahodha, mzee wa makamo, aliniambia gatini, "Mwalimu, maji ya leo hayatusubiri. Tukiingia Kua saa hizi, kutoka ni shida." Nikamwomba sana, nikamwambia kesho tunaondoka. Akanisikiliza kwa heshima, tukaenda. Saa sita mchana mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, ukagusa mchanga, na ndani ya nusu saa chombo kilikuwa kimelala ubavu kwenye tope, mikoko pande zote. Tulikaa pale hadi saa kumi na moja jioni. Maji ya kunywa tuliyobeba yalikuwa lita mbili kwa watu wanne. Kijana wangu aliumwa kichwa kwa jua hadi usiku, na mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Tangu siku ile, nahodha akisema hapana, ni hapana.

Hatua ya pili: chagua msimu wa upepo

Pwani inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, bahari huwa ya joto na maji huwa maangavu. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Oktoba, nao huwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti. Ni majira yaleyale tunayojifunika blanketi hapa Dodoma kwa baridi ya kipupwe. Katikati kuna kipindi mabaharia wanachokiita tangambili au maleleji, upepo haujui uelekee wapi, na siku nyingine haupo kabisa. Wakati huo chombo cha tanga husukumwa kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia) na makasia.

Kwa walimu na wazazi wenye watoto wa shule, Desemba ndiyo bora: kaskazi inaanza, papa potwe wapo, na shule zimefungwa. Mvua za vuli zinaweza kukugusa, lakini hazizuii safari. Juni inawezekana ndani ya ghuba, ila utalowa. Ukitaka kuona watoto wa kasa wakitoka mayaini, basi lenga Juni hadi Agosti na ukubali upepo. Nyangumi nao hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Aprili na Mei siwashauri kabisa, kwa sababu ya masika.

Siku tano kabla ya kuondoka, anza kufuatilia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, ahirisha.

Hatua ya tatu: mwili na mzigo

Asiyejua kuogelea anaweza kwenda, mimi mwenyewe nilikwenda hivyo. Lakini tafuta bwawa la kuogelea hapa mjini, hoteli kadhaa huruhusu watu wa nje kwa malipo, na ujifunze mambo mawili tu: kuelea chali na kupumua kwa mrija uso ukiwa ndani ya maji. Wiki tatu za Jumamosi zinatosha. Mtu anayeelea bila hofu ataona matumbawe. Mwenye hofu atashika ukingo wa mashua hadi mwisho.

Bahari hulevya. Kula chepesi asubuhi, uji na kipande cha mkate, uwe na tangawizi ya kutafuna, na ukae katikati ya chombo ukitazama mbali, upeoni. Kama unajijua huwa unachafukwa hata kwenye basi la Kondoa, muulize mfamasia dawa ya kuzuia kutapika na uimeze kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Mafia kuna mbu wengi kuliko Dodoma, kwa hiyo chandarua na dawa ya kujipaka visikose.

Nguo: shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, kanga au kikoi viwili, na viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Viatu hivi ni vya lazima. Kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, na mwiba wao ukivunjikia mguuni safari yako imeishia hapo. Kununua miwani ya kuzamia na mrija ni bora kuliko kukodi, maana ya kukodi mara nyingi huvuja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na watu hupata taabu jinsi ya kukinga simu na maji. Mimi hutumia ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, ile ya lita tano iliyokuwa na rangi au mafuta. Simu, fedha, kitambulisho na dawa vyote humo. Inaelea, haipitishi maji, na ukiwa kisiwani inakuwa kiti.

Maji ya kunywa piga hesabu ya lita tatu kwa mtu kwa siku moja ya chombo. Na usiende mikono mitupu: zabibu za Dodoma, karanga au ubuyu ni zawadi inayopokewa kwa furaha. Zabibu zibebe kwenye kikapu, juu ya mzigo, la sivyo utafika na juisi.

Hatua ya nne: njia

Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imelifanya jambo hili kuwa jepesi. Badala ya siku nzima barabarani, unafika Dar es Salaam kwa chini ya saa nne ukipanda ya haraka. Kata tiketi mapema, hasa Desemba, na uwe na kitambulisho.

Kutoka Dar kuna njia mbili. Ndege ndogo hufika Mafia kwa nusu saa hivi, na ni ghali. Njia ya watu wengi ni kulala Mbagala, kisha alfajiri kupanda gari linalofuata barabara ya Kilwa na kuchepuka kushuka Nyamisati, wilayani Kibiti. Pale kuna vyombo vya kuvuka hadi Kilindoni. Ratiba ya Nyamisati hufuata maji, kwa hiyo piga simu siku moja kabla na ukubali kusubiri. Mimi naipenda njia hii. Chombo hupita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na ukikaa upande wa kivuli ukatulia utaona furukombe juu ya matawi na kulasitara wamesimama kwenye tope. Ndani ya delta hii ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg, hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915, wakisaidiwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuonyesha mahali ilipo.

Kilindoni ndio mji wa wilaya. Toa fedha taslimu hapo, maana visiwani hakuna benki. Kutoka hapo hadi Utende, kwenye ghuba, ni kama kilomita 15 za lami. Getini utalipa kiingilio cha hifadhi. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, ndiyo maana kitambulisho cha taifa kisikae mbali. Tunza risiti, utaulizwa.

Hatua ya tano: chombo na nahodha

Usimlipe mtu yeyote ukiwa Dodoma au Dar. Fika, lala usiku mmoja, asubuhi nenda ufukweni Utende ukaonane na wenye vyombo ana kwa ana. Salamu kwanza. Kwa wazee ni shikamoo, na salamu ya "asalaam aleikum" inafungua mlango kwa kila mtu. Uliza habari za upepo kabla ya kuuliza bei. Anayekujibu kwa utulivu, akikuonyesha mawingu na kukutajia saa za maji, huyo ndiye.

Utakutana na aina mbili tatu za vyombo. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye marengu ya kuizuia isipinduke. Ni nyepesi, inapita kwenye maji haba, lakini inabeba wachache na mtalowa. Mashua ni ya mbao, pana zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa familia. Jahazi ni kubwa, la safari ndefu; kwa ghuba halihitajiki.

Kabla ya kukubaliana, panda uone kwa macho yako. Inua ubao wa sakafu utazame ngama, yaani chini ya chombo maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao; maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu asubuhi, kabla chombo hakijatembea, ni dalili ya kalafati iliyochoka, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Tazama kamba za tanga kama zimechakaa. Uliza nanga, kata ya kufutia maji, upondo au makasia, na simu yenye chaji. Jaketi okozi liwepo moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Lijaribu hapohapo ufukweni. Uliza pia cheti cha ukaguzi cha TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Mwenye nacho hukionyesha bila kununa. Kama kimoja kati ya hivi hakipo, shukuru kwa adabu na uende kwa mwingine. Bei ipatane kwa chombo kizima kwa siku, na itajwe wazi kama chakula na kiongozi wa kisiwani vimo. Lipa nusu asubuhi, nusu jioni.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumba ya wageni jina la nahodha, mnakoelekea na saa mnayotarajia kurudi.

Hatua ya sita: kukaa ndani ya chombo cha tanga

Tanga letu la pembetatu limefungwa kwenye foromali, boriti ndefu inayoning'inia juu ya mlingoti. Likitwekwa, kaa chini. Boriti ile ni nzito, na kamba zikiachiwa ghafla hupiga. Upande upepo unakotoka huitwa joshini, upande wa pili ni demani. Upepo ukikaza, nahodha atawaambia msogee joshini ili chombo kisilale sana. Sogeeni haraka, mmoja mmoja, bila kusimama.

Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Huenda bisho, yaani hukata upande huu, kikageuka, kikakata upande ule. Kila kugeuka, tanga huzungushwa upande wa pili wa mlingoti na mabaharia wanahitaji nafasi. Ndiyo maana mwendo wa nusu saa kwenda unaweza kuwa wa saa mbili kurudi. Usiulize "tumebakiza ngapi?" kila dakika. Uliza majina: ya kamba, ya ndege, ya miamba. Baharia wa Mafia akiona unataka kujua, atakufundisha hadi jua lizame.

Hatua ya saba: visiwa, kimoja kimoja

Chole iko karibu na Utende, robo saa tu kwa upepo mzuri. Hakuna magari, unaizunguka kwa miguu. Palikuwa mji mkuu wa Mafia enzi za Wajerumani, kabla makao hayajahamia Kilindoni, na magofu yao yamekumbatiwa na mizizi ya miti hadi hujui ukuta unaishia wapi na mti unaanzia wapi. Chukua kiongozi wa kijijini. Ada yake hubaki kijijini.

Panga kuwepo Chole jioni kwa sababu ya popo. Ni popo wala matunda, wakubwa, wenye manyoya ya kahawia na uso kama wa mbweha. Mchana wananing'inia mtini kwa mamia, wamejifunga mbawa kama watu waliojitanda kanga. Kaa umbali, usipige kelele, usirushe kitu. Kwenye saa kumi na mbili jioni mmoja hujinyoosha, kisha mwingine. Mbawa zao zina upana karibu na mita moja. Wanapoanza kuruka kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta maembe na mikorosho, anga hujaa, na ukiwa mashuani wakati huo, tanga limeshushwa, unasikia mbawa zikipiga hewa juu ya kichwa chako. Mara zote nne nimekwenda kuwaona, na nitakwenda tena.

Juani ni kubwa zaidi, nayo ina mambo mawili. La kwanza ni Kua, mji wa mawe uliostawi karne ya 18 na kuvamiwa na Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) mwanzoni mwa karne ya 19. Zimebaki kuta za jumba kubwa, misikiti na makaburi. Hapa ndipo pa kutumia ile hesabu ya mwezi: ingia maji yakipanda, toa saa moja na nusu ya kutembea, rudi chomboni kabla maji hayajageuka sana. Njiani mnapita kati ya mikoko, mwombe nahodha ashushe tanga na mtumie upondo. Kaa wadogo wekundu huwa mizizini, na mdiria hukaa matawini akitazama maji.

La pili ni fukwe za mashariki zinakotaga kasa. Kasa wa kawaida ndiye ataonekana zaidi. Ng'amba ni adimu. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na shirika la Sea Sense pamoja na vijiji hulinda viota na kukadiria siku ya kuanguliwa. Uliza Utende kama kuna kiota kinachotarajiwa. Ukibahatika, simama nyuma ya mstari unaoelekezwa, zima tochi na mwanga wa simu, na usimbebe kasa mchanga hata kama amepinduka, waachie walinzi. Ukiuzwa kitu cha gamba la ng'amba, kataa, sheria inamlinda.

Jibondo haina magofu makubwa wala popo, lakini mtu wa Dodoma atajisikia nyumbani. Ni kisiwa cha miamba, na kwa miaka mingi maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yalikuwa ya shida, yakikingwa ya mvua au kuletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Mama mmoja aliponiona nabakiza maji kwenye kikombe aliniambia, "Maliza mwanangu, haya yamesafiri." Nilikumbuka madumu ya utotoni mwangu. Jibondo inasifika kwa mafundi wa vyombo. Omba ruhusa ukae kando uwatazame wakisindilia pamba ya kalafati kati ya mbao. Usipige picha kabla ya kuuliza, na mwanamke au mwanamume, vaa nguo ya kufunika magoti na mabega.

Kuhusu matumbawe, zamia maji yakiwa yametulia, ndani ya ghuba, na usikaribie mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya ghuba na bahari kuu, bila nahodha kukubali. Maji yanapotoka pale yanavuta kama mto wa masika. Utaona changu, pono, tasi, na ukiwa na jicho zuri, pweza aliyejigeuza rangi ya jiwe. Matumbawe haya yaliumia sana kwa joto la bahari la mwaka 1998, na kurudi kwake ni kwa miaka mingi. Kwa hiyo usisimame juu yake, usishike, usivunje. Kwenye maji haba buruta miguu taratibu badala ya kukanyaga, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka. Kiti cha pweza mtazame majini alipo. Ukimtoa nje kwa ajili ya picha unamuumiza.

Hatua ya nane: papa potwe

Hawa wako upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, hasa Oktoba hadi Machi. Hapa kwa kawaida utatumia chombo chenye injini, kwa sababu inabidi kuwatafuta, ila mwambie nahodha aizime mkishawaona. Ana madoa meupe mgongoni kama nyota, na mdomo mpana wa kuchuja viumbe wadogo, hang'ati mtu. Ingia majini taratibu kwa kuteleza, usiruke. Kaa ubavuni mwake, hatua tatu au zaidi, mbali na mkia. Usimguse wala usimzibie njia. Mkiwa wengi, pokezaneni. Ukiona chombo kinamfukuza, omba mwondoke.

Kurudi

Weka siku moja ya akiba kabla ya tarehe ya kazi, kwa sababu upepo ukichafuka Nyamisati hapavukiki. Takataka zako zote rudi nazo hadi Kilindoni. Ukifika nyumbani, suuza miwani, viatu na ndoo kwa maji baridi siku hiyohiyo. Chumvi ikikaukia humo hadi likizo ijayo, mpira unapasuka na zipu zinaganda. Namba ya nahodha ihifadhi vizuri. Mimi wangu hunipigia mwezi wa Novemba kunieleza kaskazi imefika au bado, na mimi humweleza kama zabibu zimeiva.